Ethi safi ya redio na amplifaya ya gari, hatua kwa hatua

"Fundi, redio yangu inalia kama mbu. Nikikanyaga mafuta, mbu naye anapandisha sauti."

Aliyeniambia hivyo alikuja na Toyota IST kutoka Tabata. Alikuwa ameshabadilisha spika mbili za mlangoni, na mtu amemshauri anunue redio nyingine. Nilitoa redio kwenye dashibodi, nikaufuata waya mweusi kwa kidole mpaka mwisho wake. Ulikuwa umebanwa kwenye skrubu iliyoingia kwenye plastiki. Umekaza vizuri, ila chuma cha bodi haukigusi popote. Redio ilikuwa inawaka kwa sababu umeme ulikuwa unarudi kupitia ganda la waya wa antena, na njia hiyo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ethi ya gari si ile ya nyumbani inayozikwa ardhini. Kwenye gari, hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, hivyo bodi nzima inakuwa njia ya kurudishia umeme. Njia hiyo ikiwa na tatizo, redio hujizima sabufa inapopiga, kioo chake hufifia, au unasikia mlio unaopanda pamoja na injini. Mlio huo unatoka kwa altaneta, jenereta inayozungushwa na injini na kuchaji betri.

Na tatizo dogo linatosha. Amplifaya inayovuta ampea 30, ikikutana na ukinzani wa omu 0.1 tu kwenye ethi, inapoteza volti 3. Betri ina 12.6, amplifaya inaona 9.6. Hapo hata ukinunua amplifaya ya bei gani, besi itakuwa mbovu.

Andaa spana namba 10 na 12, msasa, bisibisi, multimita, tochi, lagi za duara za kubana kwenye ncha ya waya, na washa zenye meno, zile ringi za chuma zinazokaa chini ya kichwa cha bolti.

Hatua ya 1: Anzia kwenye betri

Zima gari, toa ufunguo, kisha fungua hasi ya betri kabla ya kitu kingine chochote. Subiri dakika mbili hivi kabla ya kugusa dashibodi, maana mfumo wa eabegi hubaki na umeme kwa muda. Soketi na nyaya za njano za eabegi usiziguse kabisa.

Ukiwa hapo hapo, tazama kichwa cha betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, changanya magadi na maji ya moto, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha. Fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, fungua bolti hizo, safisha, kaza upya. Dar tuna hewa ya chumvi, na gari zinazolala Kigamboni au Msasani naziona zina kutu chini ya bolti ambayo juu inaonekana mpya.

Hatua ya 2: Ethi ya redio

Gari zetu nyingi zinatoka Japani, ambako FM inaanzia 76 na kuishia 90 au 95, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hazipatikani na watu wanabadilisha redio. Redio mpya huja na waya mweusi wa ethi, mwekundu wa swichi na njano wa betri. Kosa kubwa linafanyika hapa: mtu anaunganisha mweusi na mweusi. Kwenye soketi za Toyota nyingi, ile ndogo ya pini 6 ina nyaya nyeusi na nyekundu ambazo ni za spika za nyuma! Ethi ya redio ni waya wa kahawia kwenye soketi ya pini 10. Hata hivyo usiamini rangi peke yake, wala yangu. Huenda kuna fundi alishapita hapo kabla yako. Weka mita kwenye omu, pima kati ya waya huo na chuma tupu cha bodi: ethi husoma karibu na sifuri.

Kama waya wa kiwandani umekatwa, tafuta bolti ya ethi ya kiwandani karibu na miguu ya dereva, nyuma ya plastiki ya pembeni. Kwenye Toyota utaona nyaya nyeupe zenye mstari mweusi zimekusanyika kwenye bolti moja. Redio inatosha hapo. Amplifaya usiiweke.

Hatua ya 3: Mahali pa ethi ya amplifaya

Tafuta chuma kinene cha sakafu ya buti au ubavuni, kisichozidi nusu mita kutoka ilipo amplifaya. Waya wa ethi uwe mnene sawa na ule wa chanya. Nimeona watu wananunua waya mzuri wa milimita za mraba 16 kwa chanya, halafu ethi wanaweka kipande chembamba walichokiokota gereji.

Bolti za mikanda ya usalama na za viti usizitumie, hata kama zinang'aa na zinavutia. Zile zinashikilia uhai wa mtu. Bawaba za mlango na vibati vyembamba vya kushikia taa pia achana navyo.

Ukilazimika kutoboa, lala kwanza chini ya gari na tochi. Gari ndogo nyingi zina tangi la mafuta chini ya kiti cha nyuma, na mabomba ya breki yanapita jirani.

Hatua ya 4: Ondoa rangi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Rangi haipitishi umeme, na chini yake kuna praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, nayo haipitishi. Sugua duara kubwa kidogo kuliko lagi mpaka uone chuma kinang'aa kama sarafu mpya. Ukiona kijivu kisichong'aa, bado uko kwenye praima. Futa vumbi. Bana lagi kwenye waya kwa koleo la kubania, uvute kwa nguvu, ukichomoka, rudia. Weka lagi igusane moja kwa moja na chuma, washa yenye meno juu yake, bolti, kaza.

Ukishakaza, paka rangi au grisi juu ya kila kitu. Ukipaka kabla, umerudisha kizuizi ulichotoka kukiondoa.

Hatua ya 5: Pima ikiwa kazini

Wengi wanapima omu, wanaona 0.2, wanaridhika. Kipimo hicho kinadanganya. Waya uliobaki uzi mmoja wa shaba utaonyesha namba nzuri kwenye omu, lakini hauwezi kubeba ampea 30.

Rudisha hasi ya betri, washa injini, weka mita kwenye volti DC. Ncha moja iguse kichwa cha hasi cha betri, nyingine iguse skrubu ya ethi ya amplifaya. Waya wa mita haufiki? Urefushe kwa waya wowote mwembamba, maana hapo umeme unaopita ni kidogo sana. Fungulia muziki wenye besi nzito, soma. Mimi nataka chini ya volti 0.1. Ikifika 0.5, narudia kazi.

Kujua kosa liko wapi, acha ncha ya betri palepale, hamisha ile nyingine: kwenye skrubu, kisha juu ya lagi, kisha kwenye chuma tupu pembeni yake. Namba ikishuka ghafla kati ya sehemu mbili, tatizo liko katikati yake. Ikibaki kubwa hata kwenye chuma, rudi hatua ya 1.

Kelele zikibaki

Chomoa waya za sauti zinazotoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya. Mlio ukiisha, zihamishie upande wa pili wa gari, mbali na waya wa chanya. Ukibaki, chunguza amplifaya yenyewe.

Ile IST, kuhamishia ethi ya redio kwenye bolti ya kiwandani karibu na miguu ya dereva kulichukua dakika arobaini. Spika za zamani za yule dada zilikuwa bado kwenye buti, nikazijaribu, zikapiga vizuri. Nilimwambia apite tena baada ya masika, nifungue lile plastiki la pembeni nitazame bolti kama imeanza kutu.