Somo: Jinsi kongosho linavyopata ishara ya kumwaga vimeng'enya

Ukitaka somo hili likukae kichwani, ifuate kalsiamu. Majina mengine yote yatajipanga nyuma yake.

Hatua ya 1. Chakula kikiingia duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), mafuta na asidi za amino huziamsha seli za ukutani zitoe homoni ya kolesistokinini (CCK). Neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo, nayo husababisha asetilikolini, kemikali ya kupitisha ishara za neva, imwagwe kwenye kongosho.

Hatua ya 2. Asetilikolini hushika kipokezi cha M3 (protini inayopokea ishara kwenye utando wa seli) cha seli za asini, ambazo ndizo zinazotengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazovunja chakula. Kipokezi huiamsha protini ya Gq, nayo huamsha kimeng'enya fosfolipesi C, na hapo IP3, molekuli ndogo ya kubeba ishara ndani ya seli, huzalishwa.

Hatua ya 3. Hapa tulia, ndipo penye utamu wenyewe. IP3 hufungua ghala la kalsiamu lililo ndani ya seli. Seli iliyotulia ina kalsiamu huru pungufu mara 10,000 hivi kuliko nje yake, kwa hiyo hata ongezeko dogo huhisiwa. Ongezeko hilo huja kwa mipigo mifupi, hasa upande unaotazama mrija, mahali vifuko vya vimeng'enya vilipokusanyika. Vifuko huungana na utando na kumwaga vilivyomo, kisha pampu huirudisha kalsiamu ghalani.

Hatua ya 4. Asidi ya tumbo ikifika duodeni hutoka sekretini, homoni waliyoigundua Bayliss na Starling mjini London mwaka 1902. Yenyewe hupitia cAMP, mjumbe mwingine wa ndani ya seli, badala ya kalsiamu, na seli za mirija hutoa bikabonati, inayopunguza makali ya asidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona vimeng'enya havilimeng'enyi kongosho lenyewe?*
Vile vinavyomeng'enya protini hutoka vikiwa havijaamka. Mojawapo, tripsinojeni, ikishafika duodeni hugeuzwa tripsini na enterokinesi, kimeng'enya cha ukuta wa duodeni, kisha tripsini huviamsha vingine.

*Je, kalsiamu ikipanda isishuke?*
Swali zito hili. Tripsini huamka ndani ya seli, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) hushindwa kutoa ATP, molekuli ya nishati, pampu hukosa nishati, na kalsiamu huzidi kupanda. Hiyo ni njia mojawapo ya kongosho kuvimba ghafla.

*CCK huigusa seli ya asini moja kwa moja?*
Kwa binadamu, sehemu kubwa ya kazi yake hupitia neva ya vagasi. Ndiyo maana atropini, inayoziba vipokezi vya asetilikolini, hupunguza sana umwagaji wa vimeng'enya hata CCK ikiwepo.