Kutoka mkungu mtupu wa mchikichi hadi nanoselulosi

Ukipita kwenye mashine za kukamulia mawese hapa Kigoma utakuta mikungu mitupu imerundikwa pembeni, mingine inachomwa moto. Inauma kuiona, maana kati ya theluthi na nusu ya uzito wa mkungu mkavu ni selulosi, yaani nyuzi zinazoupa mmea umbo na nguvu. Tunachotafuta ni nanoselulosi, yaani nyuzi zake nyembamba, za upana wa nanomita chache. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita.

Kwanza, toa mafuta. Wengi wanairuka hatua hii, halafu kemikali zinashindwa kupenya. Chambua mkungu, chemsha kwa maji na sabuni ya unga, suuza mpaka utando wa mafuta usionekane tena. Anika juani, saga, chekecha.

Pili, kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni ya mawese. Vaa glavu na miwani. Mimina gramu 40 taratibu ndani ya maji (kamwe usimwagie kostiki maji), ongeza maji yatimie lita 1, kisha tia gramu 50 za unga wako. Shikilia joto la sentigredi 80 kwa saa 2 huku ukikoroga. Sufuria ya alumini ni marufuku: kostiki huila na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Tumia chuma cha pua. Maji yatakuwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Hiyo ni lignini na hemiselulosi, vitu vinavyozigandisha nyuzi za selulosi pamoja, zinatoka. Chuja kwa kitambaa, suuza, rudia mpaka maji yapauke.

Tatu, ng'arisha kwa hidrojeni peroksaidi yenye kostiki kidogo, pH 11 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi au alkali), sentigredi 60. Povu hupanda, chombo kisijae. Rudia hadi nyuzi ziwe nyeupe.

Kama huna maabara, ishia hapa: changanya gramu 7 za nyuzi hizo, kwa uzito wa zikiwa kavu, na maji yatimie lita 1, usage kwa blenda ya kasi kubwa, ukiipumzisha ikipata moto. Utapata uji mzito. Nyuzi nyingine zitabaki nene, lakini uji huo unafaa kwa jaribio lililo mwishoni.

Mwenye maabara na chemba ya kuvuta hewa aendelee na asidi ya salfuriki ya asilimia 64, mililita 10 kwa kila gramu ya nyuzi kavu, sentigredi 45, dakika 45. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, juu ya barafu. Muda ukiisha, zimua kwa maji baridi mara kumi, kisha zungusha kwenye sentrifyuji (mashine ya kutenganisha kwa kuzungusha kasi), mwaga maji ya juu, ongeza mapya. Hapa kaza macho: maji ya juu yakikataa kuwa maangavu na kubaki na ukungu, usiyamwage. Nanokristali zenyewe, yaani vipande vidogo sana vya selulosi tunavyovitafuta, ndizo zinaelea humo. Hamishia kwenye mfuko wa dialisisi, unaopitisha asidi na kuzuia nanokristali, uuzamishe kwenye maji, badilisha maji mpaka pH ya ndani na nje zilingane. Hifadhi ikiwa majimaji kwenye friji. Ukiikausha, chembe hushikana na ni vigumu kuzitenganisha tena.

Kwa jaribio la kwanza, pika wanga wa muhogo na gliserini, changanya nanoselulosi (kwa uzito wa ikiwa kavu) asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa wanga, mwaga kwenye sahani bapa, acha ikauke iwe karatasi nyembamba. Tengeneza na nyingine isiyo na nanoselulosi, kisha zivute zote mbili kwa mkono ulinganishe ipi ni imara zaidi.