Alama za nje za ugonjwa wa moyo: wapi pa kutazama, wapi pa kubonyeza

Ugonjwa wa moyo unaweza kukomaa miaka mingi bila kuacha alama yoyote nje, kwa hiyo kutoona kitu si cheti cha uzima. Alama ikionekana, kazi yake ni moja: kukupeleka kupimwa mapema.

Anza na macho, mchana kwenye mwanga. Mabaka madogo ya manjano kwenye kope, upande wa puani, ni mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi. Karibu nusu ya walio nayo wana kolesteroli (mafuta ya kwenye damu) ya kawaida. Hata hivyo kapime. Duara la kijivu kwenye ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho ni jambo la uzeeni. Kwa aliye chini ya miaka 45, lisipuuzwe.

Shika kano nene nyuma ya kisigino kwa kidole gumba na cha shahada, ukipandisha vidole juu taratibu. Iwe nyororo, unene uleule pande zote mbili. Ukikuta vinundu vigumu vinavyosogea nayo unapochezesha wayo, huenda ni kolesteroli ya juu ya kurithi. Sisi hii tunaipa uzito kuliko zote, kwa sababu haiishii kwako: kila mtoto wako ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, na nduguzo nao wapimwe.

Jioni, bonyeza muundi kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, kwa sekunde 10. Bonyeza penye mfupa. Ukibonyeza nyama ya nyuma utadanganyika. Shimo likibaki, kuna maji. Miguu yote miwili ikivimba, ukakosa pumzi ukilala chali, au uzito ukapanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, muone daktari bila kuchelewa. Figo, ini na baadhi ya dawa za presha, kama amlodipini, huvimbisha miguu pia, basi usiache dawa kwa kukisia. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mkunjo wa mshazari kwenye ndewe ya sikio ulielezwa na daktari Mmarekani, Sanders Frank, mwaka 1973 kuwa huenda ni alama ya ugonjwa wa moyo. Huongezeka na umri, kwa hiyo peke yake usikutie hofu.

Ukifika kliniki, omba vipimo vitatu: presha, sukari na kolesteroli. Presha ikisoma 140/90 au zaidi, irudiwe siku nyingine, baada ya kukaa umetulia dakika 5.