Somo: Kukagua kiraka cha unaccent kwenye PostgreSQL

Mtu akiandika "Ngugi" kwenye kisanduku cha kutafuta, anatarajia kumpata Ngũgĩ. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL kazi hiyo hufanywa na unaccent, kiendelezi kilichoingia na toleo la 9.0 mwaka 2010. Msimbo wake wa C ni mfupi. Uzito uko kwenye unaccent.rules, faili la maandishi lenye herufi ya asili kushoto na mbadala wake kulia. Kwa hiyo viraka vingi vya hapa (kiraka ni faili la mabadiliko yanayopendekezwa) ni viraka vya data, na mkaguzi anayesoma msimbo peke yake ameacha nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Kipachike. Fungua tawi jipya, anza na git apply --check. Kikigoma, mrudishie mwandishi akioanishe na msimbo wa sasa. Usimfanyie wewe.

Hatua ya 2: Uliza kanuni zimetoka wapi. Faili la kanuni haliandikwi kwa mkono. Hutengenezwa na skripti generate_unaccent_rules.py, inayosoma UnicodeData.txt pamoja na Latin-ASCII.xml ya CLDR, mradi wa Unicode wa data za lugha. Kiraka kilichoongeza mistari kwenye faili bila kugusa skripti kitafutika siku skripti itakapoendeshwa tena. Iendeshe mwenyewe, kisha git diff. Matokeo yakitofautiana na kiraka, hilo ndilo pingamizi lako la kwanza.

Angalia pia kama mwandishi ametegemea mtengano wa Unicode tu, yaani jedwali linaloigawa herufi kuwa herufi ya msingi na alama yake. Herufi é hutengana kuwa e na alama U+0301. Herufi ũ hutengana kuwa u na U+0303. Lakini đ, ø na ł hazitengani hata kidogo. Kwa Unicode hizo ni herufi nzima, kwa hiyo kila moja lazima iwe na kanuni yake.

Hatua ya 3: Jenga, kisha

make -C contrib/unaccent check

Kukiwa na kasoro, soma regression.diffs, faili la tofauti kati ya matokeo yaliyopatikana na yaliyotarajiwa. Kama kiraka kimebadilisha expected/unaccent.out (faili la matokeo yanayotarajiwa), majaribio kupita hakuthibitishi chochote mpaka umesoma kila mstari uliobadilika: kosa likinakiliwa humo, litapita kila siku.

Hatua ya 4: Majaribio yako mwenyewe.

SELECT unaccent('Ngũgĩ');
SELECT unaccent(U&'Ngu\0303gi\0303');

Yote mawili yanatakiwa kutoa Ngugi. La pili lina alama zilizotengana na herufi, jambo la kawaida kwenye majina ya faili yaliyotoka kwenye Mac, na ndilo linaloangusha viraka. Ukibadilisha kanuni, fungua kikao kipya cha psql kabla ya kujaribu tena. Kikao kilichokwisha kulisoma faili hakilisomi upya chenyewe.

Hatua ya 5: Fikiria data iliyokwisha kuhifadhiwa. Hapa ndipo wakaguzi wengi hupita mbio. Kanuni ikibadilika leo, tsvector (orodha za maneno yaliyotayarishwa kwa utafutaji) zilizohifadhiwa jana zinabaki na umbo la zamani, huku neno la mtafutaji likipitia kanuni mpya. Hakuna ujumbe wa kosa. Majibu yanapotea kimyakimya. Kiraka cha aina hii kiambatane na onyo kwa watumiaji. Kama hakina, liombe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nikiweka unaccent(jina) kwenye indeksi naambiwa "functions in index expression must be marked IMMUTABLE". Nifanyeje?

Jibu: Indeksi inataka funksheni IMMUTABLE, yaani isiyobadilisha jibu kamwe kwa ingizo lilelile. Unaccent ni STABLE tu: matokeo yake yanategemea kamusi (mpangilio unaoiambia itumie faili gani la kanuni) na faili vinavyoweza kubadilishwa. Watu huifunika kwa funksheni yao ya SQL iliyotangazwa IMMUTABLE, wakitaja kamusi waziwazi: unaccent('public.unaccent', $1). Inafanya kazi, ila umeiahidi hifadhidata jambo ambalo ni juu yako kulilinda. Kanuni zikibadilika, fanya REINDEX, yaani ijenge upya indeksi. Kama una safu ya tsvector, REINDEX haitoshi, ijaze upya safu yenyewe.

Swali: Vipi "ng'ombe"? Wengine wanaandika kwa ' na wengine kwa ’. Kanuni ya unaccent itasaidia?

Jibu: Kwenye utafutaji wa matini, hapana, ndugu yangu. Kichanganuzi hukata maneno kabla kamusi haijayaona, kwa hiyo unaccent inapokea "ng" na "ombe" vikiwa vimeshaachana. Jionee kwa ts_debug('simple', 'ng''ombe'). Shughulikia kibainishi (hiyo alama ya ' au ’) kabla ya to_tsvector, funksheni inayotengeneza tsvector, na neno la mtafutaji lipite njia hiyohiyo.

Swali: Kwa Kikuyu, i na ĩ ni irabu mbili tofauti. Si tunaharibu majina ya watu?

Jibu: Tunayaharibu tukihifadhi matokeo ya unaccent badala ya jina. Safu ya jina ibaki kama mwenyewe anavyoliandika. Unaccent iwe kwenye indeksi na kwenye ulizo tu. Ukitaka aliyeandika alama kamili apate jibu lake juu kabisa, panga kwa ORDER BY (jina = 'Ngũgĩ') DESC.