Programu ya Simu Ikibadilika Ghafla: La Kufanya Kabla ya Kuifuta

Asubuhi moja katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, mama mmoja muuza vitenge alininyooshea simu yake akaniambia, «Mwanangu, wamenibebea duka.» Duka alilolisema ni picha za vitenge ambazo kila alfajiri alikuwa akiziweka kwenye statu ya WhatsApp, kama tunavyoiita hapa mjini, ili wateja wa Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa wachague bila kusafiri. Kwa kweli hakuna aliyebeba kitu. Programu ilikuwa imebadilika usiku, na sehemu ya statu ilikuwa imehamishiwa kwenye ukurasa mwingine wenye jina jipya. Hasara ilikuja baadaye, mpwa wake alipoifuta programu yote na kuisakinisha upya, akiamini kwamba ingerudi kama zamani. Hapakuwa na nakala ya akiba. Mazungumzo ya miaka mitatu, maagizo na madeni yaliyoandikwa humo vilikwenda na maji. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya wote ambao simu ndiyo duka lao, ili jambo hilo lisiwapate.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: programu ikibadilika, usiifute. Mtu akielewa namna mabadiliko yanavyoletwa, ataona mara moja kwa nini kufuta hakusaidii. Kampuni hizi kwa kawaida huwafungulia kitu kipya watu wachache kwanza, hupima wanavyokitumia, halafu hukieneza kwa wengine kidogo kidogo. Swichi ya kukiwasha mara nyingi haimo ndani ya simu yako bali iko kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni, na ndiyo maana simu mbili zilizowekwa juu ya meza moja, zenye toleo lile lile, zinaweza kuonyesha sura mbili tofauti. Ukisakinisha upya, swichi ile inabaki ilivyokuwa. Kinachokuwa hatarini ni mazungumzo yako tu.

Basi kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala ya akiba. Kwa kuwa simu nyingi za hapa kwetu zimewekwa Kifaransa, nitataja maneno kama yanavyoonekana kwenye kioo. Katika WhatsApp fungua Paramètres (mipangilio), kisha Discussions (mazungumzo), kisha Sauvegarde (nakala ya akiba). Kwenye simu za Android nakala hiyo huhifadhiwa katika akaunti yako ya Google, ambako nafasi ya bure ni gigabaiti 15 inayotumiwa pia na barua pepe na picha zako. Usijumuishe video, maana hizo ndizo zinazomaliza mega za intaneti na nafasi kwa pamoja, na ukiweza subiri upate Wi-Fi. Pamoja na hayo, ninasisitiza kwa moyo wote kwamba namba za wateja na madeni yao yaandikwe pia katika daftari la karatasi. Simu huibwa, huanguka, huishiwa chaji umeme ukiwa umekatika. Daftari halihitaji umeme.

Nakala ikishakuwepo, tafuta kitu chako kimehamia wapi. Pitia kurasa za chini ya kioo moja baada ya nyingine, kisha Paramètres, bila haraka na bila kubonyeza kila kinachokuomba ruhusa. Mabadiliko mengi yanayokera huja na kitufe cha kuyazima, au kitufe hicho huongezwa baada ya watu kulalamika. Mwezi wa Novemba 2014 WhatsApp ilipoleta alama mbili za buluu zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa, watu wengi walijiona wamewekewa mlinzi mlangoni. Muda mfupi baadaye uwezo wa kuzizima ukaongezwa, na mpaka leo unaupata katika Confidentialité (faragha), chini ya Confirmations de lecture (uthibitisho wa kusomwa). Jua tu kwamba ukizizima kwako, nawe hutaziona za wengine, na kwamba katika makundi zinabaki zikifanya kazi. Vilevile, baada ya kila sasisho kubwa, angalia mpangilio wa kupakua picha na video bila kuulizwa, kwa sababu kifurushi cha mega cha wiki nzima kinaweza kumalizwa na video za makundi ambazo hukuzitaka.

Kuna njia ya mkato ambayo vijana huwashauri mama zao, nami ninaikataa kabisa: kuweka toleo lililochezewa na watu wasiojulikana, kama lile linaloitwa GB WhatsApp, kwa sababu linafanana na sura ya zamani au lina rangi nzuri. Hujui aliyelitengeneza anasoma nini, na WhatsApp huzifungia akaunti zinazolitumia. Mfanyabiashara anayefungiwa namba yake hupoteza zaidi ya kile alichokuwa akikilalamikia.

Badiliko linaloleta masharti mapya lipewe muda zaidi kuliko badiliko la sura. Mwezi wa Januari 2021 WhatsApp ilitangaza sera mpya ya faragha na kuwapa watu mpaka tarehe 8 Februari kuikubali. Uvumi ukaenea kwamba kampuni ingeanza kusoma ujumbe wa watu, na mamilioni wakajiunga na Signal na Telegram, programu nyingine za ujumbe. Sera ile ilihusu zaidi mazungumzo ya watu na akaunti za biashara, na data ambazo WhatsApp huipa Facebook, kampuni inayoimiliki. Ujumbe baina ya mtu na mtu ulibaki umefungwa kwa usimbaji, yaani ufichaji unaomzuia mwingine kuusoma, uliokuwepo tangu 2016. Hata hivyo zogo lile halikupotea bure, kwani tarehe ilisogezwa hadi 15 Mei. Ukiletewa tangazo la namna hiyo, lisome lenyewe, au usomewe na mtu anayekijua Kifaransa vizuri, badala ya kutegemea sauti iliyotumwa kwenye kundi na mtu asiyejitambulisha.

Nalo suala la kulalamika lina ufundi wake. Mwaka 2006 Facebook ilipoanzisha ukurasa unaokusanya habari za marafiki wote mahali pamoja, mamia ya maelfu ya watu walijiunga na makundi ya kuupinga. Ukurasa haukuondolewa, lakini vidhibiti vya faragha viliongezwa. Mwaka 2017 WhatsApp iliondoa maneno mafupi ambayo watu walikuwa wakiyaandika chini ya majina yao na kuleta statu za picha zinazodumu saa 24. Watu wakalalamika, na mwezi uliofuata maneno yale yakarudishwa huku statu za picha zikibaki. Mwezi wa Julai 2022 Instagram ilirudi nyuma katika jaribio lake la video zinazojaza kioo kizima. Kwa maoni yangu, mifano hii inaonyesha kwamba kampuni ni nadra kuacha kabisa ilichokijenga, ila husogea inapoonyeshwa mahali hasa panapouma.

Kwa hiyo usiandike tu «Rudisheni ya zamani». Fungua Aide (msaada) ndani ya programu yenyewe, ueleze ulikuwa ukifanya nini, sasa unashindwa wapi, simu yako ni ya aina gani na toleo ni lipi, na uambatanishe picha ya kioo. Wauzaji kumi wa safu moja ya soko wakiandika kila mmoja kwa maneno yake, ni bora kuliko ujumbe mmoja ulionakiliwa mara kumi.

Mabadiliko mengine yana sababu nzuri, na hayo yatafutiwe njia nyingine. Tangu 2019 ujumbe unaweza kusambazwa kwa mazungumzo matano tu kwa wakati mmoja, ili kupunguza kasi ya uvumi. Mwenye kutangaza bidhaa atumie Liste de diffusion (orodha ya kutumia watu wengi ujumbe mmoja), inayofikia watu 256, kwa sharti kwamba wawe wamehifadhi namba yako. Waombe wateja waihifadhi papo hapo wanapolipa.

Mama yule wa vitenge sasa ana daftari lenye jalada jekundu. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kufunga meza, mpwa wake humsomea namba mpya kutoka kwenye simu, naye huziandika kwa mkono wake mwenyewe, na kando ya kila jina huandika kitenge alichochukua mteja na deni lililobaki.