Somo: Namba za majibu ya seva na namna ya kuzitofautisha

Hapa Goma hunijia watu wakilalamika kwamba mtandao umekufa, nami nikitazama kioo cha simu naona pameandikwa 500. Mtandao ungekuwa umekufa kweli, namba hiyo isingeonekana, kwa sababu ni jibu lililosafiri kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayotoa tovuti.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuangalia kama kuna namba yoyote. Ikiwa kivinjari kinasema tu kwamba kimeshindwa kuifikia seva, kagua mega zako, mnara, au tahajia ya anwani.

Hatua ya pili, soma tarakimu ya kwanza. 2 ni kufanikiwa, 3 kwa kawaida hukuelekeza kwingine, 4 husema kasoro iko katika ombi, na 5 hukiri kwamba seva ndiyo iliyoshindwa. (Ukoo wa 1 hutauona mara nyingi.) Programu isiyoijua namba fulani, tuseme 471, hutakiwa kuichukulia kama 400. Katika ukoo wa 3 ipo 304, ambayo haimpeleki mtu popote: husema nakala uliyonayo bado ni ileile, na ukurasa hautumwi upya. Kwetu tunaonunua mega kidogokidogo, naiona ndiyo namba yenye huruma kuliko zote.

Hatua ya tatu, itazame namba yenyewe kwa kuandika curl -I na anwani ya tovuti kwenye dirisha la amri la kompyuta (terminal). Iko kwenye mstari wa kwanza. Ukipata 405, seva imekataa tu ulizo la namna hiyo, linaloomba maelezo ya juu bila ukurasa wenyewe, kwa hiyo jaribu kwenye kivinjari: bonyeza F12, fungua sehemu ya mtandao, pakia ukurasa upya.

Hatua ya nne, kuzitofautisha namba za ukoo wa 5, ndiyo inayowachanganya wengi. Juzi umeme ulikatika ukarudi, na katika mashine ya mteja wangu nginx (programu ya seva inayopokea wageni mbele) iliamka yenyewe huku programu ya duka iliyo nyuma yake ikibaki imelala. Wateja wakapata 502, maana seva ya mbele ilibisha hodi nyuma isipate jibu la maana. Nilipoiwasha, programu ikakwama ikiingoja hifadhidata, nginx ikasubiri hadi muda ukaisha, na namba ikageuka 504. Ningekuwa mwangalifu, ningeweka 503 (huduma haipo kwa sasa) tangu mwanzo pamoja na kichwa cha Retry-After, yaani mstari wa maelezo unaotangulia jibu, kinachomwambia mgeni arudi baada ya sekunde ngapi. Ama 500, hiyo haielezi chochote. Fungua kumbukumbu za seva (logi), faili ambamo seva huandika matukio na makosa yake.

Maswali ya wanachama

*Kaka, 401 na 403 si kitu kimoja?*
Hapana, ndugu yangu. 401 inataka ujitambulishe, au inakataa utambulisho ulioutoa. 403 imekuelewa lakini haikuruhusu, na kuingiza nenosiri lilelile tena hakusaidii.

*Nimehamishia duka langu la Bukavu kwenye anwani mpya. Niweke 301 au 302?*
Kama hurudi tena, 301. 302 ni ya muda, na huziambia injini za utafutaji ziendelee kuishika anwani ya zamani. Lakini vivinjari huhifadhi 301, kwa hiyo hakikisha anwani mpya haina kosa kabla ya kuiweka.

*Ukurasa wangu unasema "haupatikani", lakini curl inaonyesha 200. Nani mwongo?*
Programu yako, mama. Imeandika maneno ya kukosa na kutuma namba ya kufanikiwa. Irekebishe itume 404, au 410 kama umeuondoa kabisa.