Kununua Nyumba ya Zamani Kwenye Mtaa Unaofufuka

Nyumba ikiuzwa kwa bei poa kwenye mtaa unaoinuka, kuna sababu. Mara nyingi sababu hiyo imelala kwenye karatasi, au ni maji yanayoingia mahali yasipotakiwa. Yote mawili hujulikana mapema ukijua pa kutazama. Kinachowaponza wengi ni kununua fununu: kituo cha treni kitakachojengwa, soko litakalohamia hapa, "mwakani bei itapanda mara mbili". Nunua kilichosimama leo. Kama nyumba haikufai bila hicho kituo, haikufai.

Mtaa kwanza, hasa safu yako ya nyumba

Mtaa haufufuki wote kwa mpigo. Barabara moja inachangamka, ya nyuma yake bado magofu. Chukua daftari, tembea kona hadi kona pande zote mbili za barabara, uhesabu: ngapi zinakaliwa, ngapi tupu, ngapi zimepigiliwa mbao madirishani, ngapi zina mafundi. Rudia barabara ya nyuma. Nyumba tupu iliyoungana ukuta na yako ni tatizo lako hata kama mwenyewe ni mwingine: paa lake likivuja, unyevu unahamia kwako, na panya hawajui mpaka.

Rangi mpya isikulaghai. Mtu anayebadilisha gata au kufukua mfereji wa maji anakusudia kukaa. Anayepaka ukuta wa mbele peke yake huenda anatafuta mteja.

Nenda asubuhi ya siku ya kazi, nenda usiku, kisha nenda mvua ikinyesha. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huikwepa, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Simama uone maji yanaelekea wapi, na tafuta mstari wa matope kwenye kuta za majirani. Ukimpata mkazi wa siku nyingi, usimuulize kama maji hujaa, maana atakujibu hayajai. Muulize mara ya mwisho yalijaa lini.

Karatasi kabla ya pesa

Kwenye mitaa iliyosahaulika kwa miaka, nyumba nyingi ni za urithi ambao haujagawanywa. Pata nakala ya kumbukumbu za umiliki kutoka ofisi ya ardhi yenyewe. Fotokopi ya muuzaji haitoshi. Linganisha jina na kitambulisho chake. Jina likiwa la marehemu, subiri mirathi ikamilike na msimamizi awe na mamlaka ya kuuza, hata dalali akikuambia "ndugu wote wamekubaliana".

Kagua kama kuna rehani, zuio, au kodi ya majengo isiyolipwa. Sehemu nyingi deni la namna hii hubaki na nyumba, kwa hiyo mnunuzi ndiye hulibeba. Ofisi ya mipango miji iulizwe mambo mawili: je, kuna amri ya kubomoa au mpango wa kupanua barabara, na je, chumba kilichoongezwa nyuma kina kibali? Mpima athibitishe alama za mpaka uwanjani, maana ukuta wa uzio na mpaka halisi havilingani kila mara. Wakiwepo wapangaji, soma mkataba wao, na tarehe ya kukabidhiwa nyumba tupu iandikwe kwenye mkataba wako. Malipo ya awali yashikwe na wakili.

Ukaguzi wako mwenyewe

Ukaguzi huu haumwondoi mtaalamu. Unakusaidia kuamua kama nyumba inastahili gharama ya kumlipa huyo mtaalamu. Beba tochi, bisibisi bapa, sumaku, gololi, pima maji na penseli.

Anza darini mchana. Zima tochi, uache macho yazoee giza. Kitone cha mwanga huenda ni tundu la maji. Washa tena, utafute madoa meusi kwenye kenchi, hasa paa linapokutana na ukuta au bomba la moshi. Choma mbao kwa bisibisi: ikizama kirahisi, imeoza au imeliwa. Vijia vya udongo vyenye unene wa penseli vinavyopanda kutoka msingini ni vya mchwa.

Nyufa zinahitaji utulivu. Kadi ya benki ina unene wa takriban milimita 0.8; ikigoma kuingia, mara nyingi huo ni ufa wa lipu tu. Ukipita milimita 5, muite mhandisi wa majengo. Umbo nalo husema: ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, mpana juu kuliko chini, huashiria upande mmoja wa msingi unazama. Chungulia ndani yake. Ukiona vumbi, rangi ya kale na utando wa buibui, ni wa zamani na pengine umetulia. Kingo kali na safi maana yake bado unatembea. Gololi ikibingirika yenyewe sakafuni usikimbie, kwani nyumba kuukuu nyingi zimeinama kidogo. Tishio ni gololi kubingirika kuelekea ukuta wenye ufa mpya, huku mlango wa karibu ukigoma kufunga.

Unyevu wa kutoka chini huishia kwa kawaida kama mita moja juu ya sakafu na huacha mstari wa chumvi nyeupe. Kabla ya kununua dawa yoyote ya ukutani, tazama nje: udongo umerundikwa juu kuliko sakafu? Gata inamwaga maji ukutani? Ardhi iinamie nje, takriban sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Jingine linalokosewa sana ni kupiga lipu ya saruji kwenye ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, na matofali huanza kumeng'enyuka nyuma yake bila wewe kuona.

Bomba linaloingiza maji likwaruze kidogo, uweke sumaku. Ikinata, ni chuma, na chuma hupata kutu kwa ndani hadi tundu likabaki jembamba. Rangi nyekundu ni shaba. Laini, la kijivu, linalong'aa ukilikwaruza na lisilonata sumaku ni la madini ya risasi. Hilo libadilishwe, maana ni sumu. Fungulia koki mbili pamoja huku ukivuta maji chooni. Mkondo ukifa, weka mfumo mzima kwenye bajeti. Kisha funga koki zote, andika namba za mita, subiri saa nzima. Zikisogea, kuna bomba linavuja.

Umeme: nyaya zilizofunikwa kwa kitambaa au mpira unaopukutika hazina cha kurekebisha, zinabadilishwa zote. Mabati ya asibesto (nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu) usiyatoboe wala kuyavunja. Rangi za zamani usizipige msasa mkavu, kwa kuwa huenda zina risasi.

Hesabu

Jumlisha bei, ada za kisheria, matengenezo, kisha ongeza asilimia 20 ya matengenezo kwa yale yatakayoibuka kuta zikifunguliwa. Linganisha jumla hiyo na nyumba zilizokwisha tengenezwa na kuuzwa kwenye barabara hiyohiyo. Bei za matangazo ziache. Jumla ikizidi, mthamini wa benki atakupa thamani ndogo, na tofauti itatoka mfukoni mwako. Kwa anayetaka kuishi miaka kumi inavumilika. Kwa anayetaka kuuza haraka ni hasara tupu.

Uliza mapema kama benki inakopesha nyumba isiyo na jiko au choo kinachofanya kazi, maana nyingi hukataa. Bima nayo isome: sera nyingi hupunguza au kuondoa kinga nyumba ikikaa tupu siku 30 au 60 mfululizo, na matengenezo huchukua zaidi ya hapo.

Mpangilio wa kazi

Paa, gata na mifereji ndivyo vya mwanzo. Hufuata msingi na kenchi, kisha nyaya na mabomba kuta zikiwa bado wazi. Mafundi watatu wapewe orodha ileile ndipo bei zao zilinganishike, na ulipe kwa hatua iliyokamilika. Ukuta uliolowa huhitaji takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene ili ukauke, yaani ukuta wa sentimita 23 unaweza kuchukua miezi tisa. Ukiupaka rangi mwezi wa pili, wa nne utakuwa unabandua magamba.